Gari Nililolinyamazisha

Nilioa binti wa fundi wa dizeli, na mimi ni fundi wa umeme. Mtu wa nje haoni tofauti, kwake fundi ni fundi. Lakini katika kambi za zamani za Panda, ambako baba mkwe wangu ameishi tangu Kampuni ya migodi ya shaba ilipompa nyumba akiwa kijana, tofauti hiyo ni kubwa. Siku ya mahari, wazee wangu walipomaliza kunisifu, yeye aliuliza swali moja tu, tena kwa mdomo wa mdogo wake, maana baba wa binti hazungumzi na upande wa pili moja kwa moja. Aliuliza: "Umeme hauna harufu na hauna sauti. Tutajuaje kama huyu kijana amefanya kazi?"

Wazee wa pande zote walicheka hadi wakafuta machozi. Mimi sikucheka. Neno lile lilinikaa kifuani miaka minane, na ninaliandika hapa mapema ili mtu asije akafikiri kwamba nilichokifanya baadaye nilikifanya kwa upendo mtupu. Upendo ulikuwepo, sikatai. Lakini hasira ilikuwepo kwanza.

Kazi yangu ni kusuka upya mota zilizoungua, za vinu vya kusagia mahindi na za pampu za maji. Shaba inatoka kwetu ikiwa udongo, inarudi ikiwa waya kutoka ng'ambo, mimi naikata waya hiyo na kuisuka hadi vidole vinaota sugu. Mota ikirudi kwenye kinu na kuanza kuzunguka, mama mwenye kinu ananiletea unga wa bukari, ugali wetu, na hilo linanitosha. Sikuwahi kuionea aibu kazi yangu isipokuwa nikiwa uani kwa baba mkwe.

Yeye alikuwa na gari. Si la kupanda, ni la kuchezea, lile la kuongozwa kwa rimoti, lakini usilidharau. Urefu wake ni mkono kutoka vidole hadi kiwiko, na lilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, yenye pistoni na kabureta na ekzosi. Mzungu mmoja, mhandisi aliyefanya naye kazi, alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Mafuta yake hayakuuzwa popote mjini. Baba mkwe aliyachanganya mwenyewe: alkoholi ya viwandani aliyopewa na rafiki yake wa zamani wa maabara, na mafuta ya nyonyo kutoka kwa mama mmoja wa sokoni. Injini ikiwaka ililia kama msumeno wa kukatia miti, na moshi wake ulinuka utamu fulani ulioingia hadi kwenye nguo za misa.

Kila Jumapili baada ya kanisa alilipeleka kwenye uwanja wa mpira nyuma ya kambi. Watu wazima walikuja kumtazama, wastaafu wenzake, wengine na viti vyao. Alisimama katikati ya mstari, rimoti mkononi, na gari lilizunguka magoli yote mawili, likaja hadi miguuni pake, likaondoka tena. Hakukosea. Na hakulitazama. Alisimama kidevu juu, kichwa amekiinamisha upande kidogo, kama mtu anayesikiliza mahubiri. Nilisema moyoni mwangu, tazama majivuno ya mzee huyu, hata kulitazama gari lake anaona ni kazi ya watu wadogo.

Sasa lazima niseme jinsi tunavyoishi na wakwe, la sivyo nitaonekana mjinga kuliko nilivyo. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Nikienda kwake nakaa upande, uso kuelekea uani, yeye yuko kwenye kiti chake karibu na mlango. Nikiwa na neno, namwambia mke wangu, naye anamwambia baba yake, ambaye yuko hatua tatu kutoka nilipo na amekwisha kunisikia. Anajibu kwa njia ileile. Sili mbele yake. Akisimama, natazama chini. Ni heshima, na nililelewa nayo, wala sikuwahi kuiona nzito. Lakini katika miaka minane sikuwa nimeyaona macho ya baba mkwe wangu hata mara moja.

Katika kiangazi cha mwaka juzi mke wangu alirudi kutoka kwao akasema, "Papa anasema bujie ya motokari yake inakufa. Anaomba umutafutie ingine."

Nilitafuta. Bujie, yaani plagi ya kuwashia, ya injini ile si kama ya pikipiki, ni kitu kidogo kama ncha ya kidole, na waya wake wa ndani unapashwa moto na betri. Nilizunguka maduka yote ya vipuri, wauzaji wakaigeuzageuza mkononi na kunirudishia. Nilipiga simu Lubumbashi kwa watu watatu, wawili wakanicheka. Hapo ndipo wazo likaniingia, na naungama kwamba liliingia na utamu mwingi. Kwa nini nihangaike na bujie? Gari litembee kwa umeme. Mzee atajua kwa mkono wake mwenyewe kama nimefanya kazi au sikufanya.

Nilimwambia mke wangu alete gari lote. Alilileta limefungwa kwenye kitenge, akalishika muda mrefu kabla ya kuniachia.

"Anaomba bujie tu," alisema.

"Mwambie naitengeneza vizuri."

"Papa anapenda makelele yake."

"Atazoea," nikamjibu. "Mafuta yenyewe yananuka, rafiki wa maabara amezeeka, keshokutwa hayapo. Mimi namwondolea matatizo."

Mara mbili nilimwona anafungua mdomo na kuufunga. Nikadhani ananionea wivu kwa ajili ya baba yake. Kuuliza si ujinga, wanasema watu. Kwetu kuuliza habari za ndani za mkwe ni ujinga na ni matusi pia, kwa hiyo sikuuliza, na yeye hakuwa na ruhusa ya kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, hilo hakuna atakayeninyang'anya. Nilikuwa na drili ya betri ambayo giaboksi yake ilivunjika lakini mota na betri vilikuwa vizima. Nilifungua injini, nikatoa tangi, mirija na ekzosi, nikasafisha mafuta ya nyonyo yaliyoganda kila mahali kama gundi. Mahali pa injini nilifunga kipande cha bati nene, na juu yake mota ya drili. Gia ya injini haikuingia kwenye mhimili wa mota, basi nikaipeleka kwa fundi wa kukereza chuma, akaipanua tundu. Baada ya hapo gia ile isingeweza kurudi kwenye injini tena. Nililijua hilo wakati anakereza, na halikunishughulisha.

Sehemu niliyojivunia zaidi ilikuwa ya mwendo. Sikuwa na kifaa cha kisasa cha kuongeza na kupunguza umeme, kile wanachotumia kwenye video za simu. Nikachukua swichi ya drili, ile unayoibonyeza kwa kidole, ukibonyeza kidogo inazunguka polepole, ukibonyeza sana inakimbia, nikaifunga mbele ya mkono mdogo wa ndani ya gari uliokuwa unavuta kabureta. Rimoti ileile ikivuta, mkono unabonyeza swichi. Ikirudisha, mkono unavuta breki ya zamani. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa nikiutazama ule mkono mdogo ukibonyeza na kuachia, nikacheka peke yangu.

Injini niliitupa kwenye gunia la alumini. Kila Ijumaa vijana wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria, wale wa barabara ya Kamatanda, hupita kuchukua mabaki ya alumini, nao huniachia nyaya wanazookota. Walipita Ijumaa ile, wakabeba gunia. Niliwasaidia kulipandisha kwenye baiskeli.

Jumapili tulikwenda Panda. Mke wangu alimpa baba yake gari, mimi nimekaa upande wangu nikitazama uani, lakini safari hii nilichungulia kwa pembe ya jicho maana nilitaka kuonja ushindi wangu. Alilipapasa. Vidole vilipita kwenye magurudumu, kwenye springi, vikafika mahali palipokuwa na injini, vikasimama. Vikazunguka mota mara moja, mara mbili. Nikasema, fundi anakagua kazi ya fundi, aone sasa. Baada ya muda akasema na mke wangu kwa sauti ya chini, naye akaniambia, "Papa anasema aksanti sana. Anasema kazi ni ya muntu mwenye akili."

Nilijisikia mrefu siku ile.

Tukaenda uwanjani, mke wangu amemshika baba yake mkono kama binti yeyote anavyomshika mzee wake, wastaafu wamekwisha kukaa. Nililiweka gari chini mbele yake. Akainua kidevu, akainamisha kichwa vilevile, akavuta.

Gari liliondoka bila neno. Changarawe tu zilisikika kidogo, kisha hata hizo hapana, kwa sababu upande wa pili kuna majani. Lilikwenda moja kwa moja, likavuka mstari, halikukata kona pale lilipokatia siku zote, likapiga ukuta wa shule na kupinduka. Magurudumu yakabaki yanazunguka hewani. Nilingoja aachie. Hakuachia. Alikuwa anatabasamu, anageuza usukani wa rimoti kushoto, anahesabu kichwani, anageuza tena, anapunguza kama anayekaribia goli. Muda wa kusali Salamu Maria tatu alikuwa anaendesha gari lililolala chali. Wastaafu walitazama viatu vyao. Hakuna aliyefungua mdomo, maana nani atamsahihisha mzee mbele ya mkwe wake?

Mimi niliona jambo moja tu. Niliona swali la siku ya mahari limerudi, safari hii mbele ya Panda nzima: anajifanya hajui kama umeme umefanya kazi au haukufanya. Damu ikanipanda. Nikageuka, nikamwambia moja kwa moja, bila mke wangu kati yetu, "Unanicheka? Motokari inapinduka kule kwa ukuta, na weye uko unaendesha nini?"

Nilimwita "weye", kama mtu anavyomwita mtoto au mlevi. Nilisikia kiti kimoja kikisogea nyuma yangu.

Akanigeukia. Ndiyo siku ya kwanza nilipoyaona macho yake. Yalikuwa ya kawaida, ya kahawia, na yalikuwa yanatazama bega langu.

Mke wangu akasema, polepole, kama anayemfundisha mgeni njia, "Papa haone. Ni mwaka wa tatu sasa, haone kitu."

Njiani kurudi alinieleza. Ilikuwa presha ya macho, daktari alisema walichelewa. Si ile alkoholi ya mafuta yake, ambayo watu husema hupofusha, kama nilivyotaka kuamini usiku ule kitandani ili nipate angalau kitu cha kulaumu. Mama mkwe aliwakataza watoto wote wasiniambie, kwa sababu udhaifu wa baba hauonyeshwi kwa mkwe, na mkwe akijua ataanza kujiona mwenye nyumba. Uani kwake alijua kila hatua, ndiyo maana sikugundua. Kwingine kote alishikwa mkono: kanisani, hospitalini, kwenye foleni ya pensheni.

Uwanjani, akishafikishwa kwenye mstari wake, hakushikwa. Injini ilipolia alijua gari liko wapi kama mimi ninavyojua mkono wangu uko wapi. Sauti ikipanda linakuja, ikishuka linakwenda, kwenye kona inapinda, karibu na ukuta wa shule inarudi mara mbili. Alikuwa ameuchora uwanja wote kwa masikio. Saa moja kwa wiki, mbele ya watu waliomjua akiwa fundi, alikuwa bado fundi. Hilo ndilo nililolitoa kwa bisibisi nikalitupa kwenye gunia.

Jumatatu asubuhi na mapema nilikwenda kwa vijana wa sufuria. Nilikuta shimo la moto limepoa. Nikamweleza mkubwa wao, injini ndogo, kama ngumi ya mtoto, yenye mapezi juu. Aliikumbuka, akasema ilikuwa alumini nzuri, safi. Akanionyesha sufuria saba zimepangwa ukutani, bado na mchanga masikioni, akaniambia nichague mwenyewe ninayotaka kwa sababu mimi ni rafiki wa kazi. Alikuwa mkarimu kweli. Nilisimama pale nikizitazama moja moja, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Wiki mbili baadaye bujie ilifika. Yule mtu wa tatu wa Lubumbashi, ambaye hakunicheka, aliipata, akaituma na dereva wa basi ndani ya kiberiti kitupu. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya sigara, inang'aa. Mke wangu aliipokea kabla yangu, akaificha, nikaja kuijua siku tuliyogombana juu ya kitu kingine kabisa. Aliitoa kwenye pochi akaiweka mezani, akaondoka kwenda kupika.

Kwa lile neno nililomwambia mzee, desturi ilinitoza mbuzi na kitenge cha mama mkwe. Nilivipeleka na wazee wangu. Wakanisemea, wakaniombea, mzee akapokea, akasema kwa mdomo wa mdogo wake kwamba limekwisha, kijana alikuwa amechoka. Faini ilikuwa ya neno. Kwa gari hakuna aliyenidai kitu, na sikupata mtu wa kumlipa.

Nilituma ujumbe kwamba ninaweza kulitengenezea sauti. Kadi ya plastiki ikigonga gurudumu, njuga, honi ya pikipiki, chochote. Nilikuwa nimekwisha kuchora. Jibu likarudi kwa mke wangu: mkwe asisumbuke, motokari iko muzuri vile iko. Nikatuma tena. Iko muzuri. Mara ya tatu mke wangu alikataa kupeleka.

"Huelewi?" aliniambia. "Akikubali uweke sauti, ni kusema kitu ulimupa ni kibaya. Tena ni kusema mbele ya mukwe kama haone. Papa atakufa kwanza."

Nilisema basi na anitukane. Achukue fimbo. Aniambie nimemwibia. Ningepona mapema kwa matusi kuliko kwa hii adabu. Mke wangu akasema kwao hawatukani mkwe, na mimi nilikwisha kuwaonyesha kwetu tunafanyaje.

Kwa hiyo kila Jumapili tunakwenda uwanjani. Hilo nalo ni adabu: zawadi ya mkwe lazima ionekane inatumika. Wastaafu hawaji tena. Mke wangu anamweka baba yake kwenye kiti katikati ya mstari, anarudi kumsaidia mama yake jikoni, na rimoti naishika mimi, kwa sababu mzee alisema mkono wake unatetemeka siku hizi. Hautetemeki, nimeutazama. Siku hizi ninamtazama kadiri ninavyotaka, tena ninatazama sana. Gari linazunguka, yeye ameinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, anatafuta.

Jumapili iliyopita betri ilikufa kabla hata ya mzunguko wa kwanza kwisha. Nilikuwa sikuichaji, umeme ulikatika Jumamosi yote. Gari likasimama hatua chache kutoka kwetu. Nilitaka kusema tuondoke. Kabla sijasema, mzee aliinua mkono kutoka kwenye goti, akanyoosha kidole, akakipeleka taratibu, akipita goli la kwanza, ukuta wa shule, goli la pili, kwa mwendo uleule wa zamani. Kisha akasema nami mwenyewe, bila mtu kati yetu.

"Sasa iko kule, mukwe?"

Nikatazama kidole kilipoelekea. Kulikuwa na majani tu.

"Ndiyo, papa," nikasema. "Iko kule."